Mbuzi wa Tatu Haonekani

Saa sita na dakika kumi mchana, mbuzi wawili waliingizwa sebuleni kwa Muema kwa mlango wa mbele, kama wageni wa heshima. Wa tatu, ambaye ndiye beberu na ndiye aliyehitajika kuliko wote, alisimama kizingitini, akalikagua zulia jipya, akakataa.

"Msukume," alisema Muema.

"Nimsukume na hii nguo?" aliuliza Ndila, mkewe. Alikuwa amevaa kitenge kilichoshonwa Tala kwa ajili ya siku hii moja, na fundi alikuwa amekibana kiunoni kana kwamba mwenye nguo hatakula wala kupumua. "Msukume wewe. Mbuzi ni wako."

"Si wangu. Ni wa kwenu."

"Bado," alisema Ndila.

Neno hilo lilikuwa limekaa katika nyumba hiyo miaka ishirini na miwili. Kwa desturi ya Wakamba, mwanamume huwapelekea wakwe zake mbuzi watatu wa ntheo, majike wawili na beberu mmoja. Kabla ya mbuzi hao mke si mke kamili. Ni mtu aliyekuja kutembea akachelewa kurudi kwao. Muema alikuwa amempa Ndila nyumba ya mawe hapo Kyumbi, sehemu ya duka la misumari na mabati, na binti mmoja anayeitwa Mueni. Mbuzi, kwa maneno yake, alikuwa anawaleta. Alikuwa anawaleta tangu Mueni hajazaliwa. Dada yake Muema, Kavindu, hakumruhusu mtu kusahau. Kila Krismasi alipogawa nyama alimpa Ndila kipande cha shingo na kusema, "Huyu tumpe hii, bado tunamsoma," na watu wakacheka, na Ndila akacheka pia, kwa sababu asiyecheka hapo huonekana ameumia.

Jambo hilo lingeendelea hadi siku ya mazishi ya mmoja wao kama Mueni asingepata mchumba. Desturi hiyo hiyo ina kifungu cha pili, nacho hakina huruma: mwanamume hawezi kupokea mbuzi wa binti yake kama hajatoa wa mama wa binti huyo. Muema alikumbushwa na mchungaji, akakumbushwa na kinyozi, na mwishowe, Ijumaa jioni, alikwenda sokoni Tala akarudi na mbuzi watatu ndani ya pikapu, akiwa na uso wa mtu aliyewahi mapema.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na athoni, yaani wakwe watarajiwa, walikuwa wameshafika. Walikuwa nje ya lango, watu kumi na wanne na mbuzi wao, wakingoja kufunguliwa. Hawakujua kwa nini hawafunguliwi. Muema aliomba Mungu wasijue.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo. Baba yake Ndila alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye kupokea alikuwa kaka mkubwa, Aloys, ambaye ni mlinzi huko Doha. Aloys angewaona mbuzi kwa simu ya video, angetamka kwamba amepokea, kisha mbuzi wangepelekwa nyumbani Ekalakala. Muema alikuwa amependekeza wazungumze kwa sauti tu, kuokoa muda.

"Kwa sauti, Muema ameshaleta hao mbuzi mara nne," Aloys alikuwa amejibu. "Safari hii nataka kuwaona. Niko na mapumziko ya nusu saa, kutoka saa sita na robo. Baada ya hapo narudi getini."

*

Saa sita na robo kamili Mueni alipiga, na Aloys akatokea kwenye skrini akiwa na kofia ya kazi na kipande cha mkate.

"Habari ya huko?" aliuliza Aloys.

"Habari ya huko?" aliuliza Aloys tena, kutoka mfukoni mwa Muema.

"Ya huko? Ya huko? Huko?" iliendelea sauti yake, ikizunguka sebule kama mtu aliyepotea ndani ya tangi la maji. Mbuzi mmoja akaanza kujibu.

"Baba, na wewe umeingia kwa hiyo simu?" aliuliza Mueni.

"Mimi ndiye naoa. Nisiingie?"

"Simu mbili haziwezi kukaa chumba kimoja kwa video moja. Zinasikizana. Toa yako."

Muema alitoa. Mwangwi ulipungua lakini haukuisha. Walitazamana. Hatimaye Kavindu, aliyekuwa jikoni akisimamia pilau ambayo hakuna aliyemwomba aisimamie, alitoka na simu yake mkononi. "Na mimi je? Nisijue kinachosemwa katika nyumba ya ndugu yangu?"

Zilikuwa zimekwenda dakika nne. Sauti ikawa safi. Hapo picha ikagoma.

"Naona kochi," alisema Aloys. Mdomo wake ulikuwa wazi na haukusonga, na mkate ulikuwa umeganda njiani. "Naona mbuzi mmoja amekaa kwa kochi. Wa pili naona masikio. Mwingine yuko wapi?"

"Wako hapa hapa!" alipaza Muema. "Watatu!"

"Muema, hiyo ni sauti tena."

Ndila alimjua kaka yake. Aloys alikuwa mtu wa kuhesabu magari yanayoingia na kutoka kwa saa kumi na mbili kila siku, na hakuandika gari ambalo hakuliona.

"Twende nje, kwa banda," alipendekeza Muema. "Huko kuna mwangaza."

"Waifai haifiki kwa banda, Baba. Ndiyo maana tumewaleta ndani."

"Basi tumia bando la simu."

Ploti yao ilikuwa bondeni, na mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya choo. Hata Muema, kwa haraka yote aliyokuwa nayo, hakuweza kumwambia mkewe akaolewe nyuma ya choo.

"Mwite Khadar," alisema Ndila.

*

Khadar alikuwa amepanga chumba cha mbele kwenye ploti yao na aliuza chaja na kava za simu pale njia panda. Kila mwezi alimpa Muema kodi, na mia mbili juu yake kwa ajili ya waifai, kama walivyofanya wapangaji wote. Muema alikuwa amewauzia mtandao huo kwa namna ambayo watu wengine huuza maji: bomba moja, na kila mtu na ndoo yake.

Khadar aliingia, akawasalimu wazee, akawasalimu na mbuzi kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa walikuwa kwenye kochi. Kisha akatazama juu ya kabati. Rauta, kile kisanduku cha waifai, ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa uzi, cheupe, chenye maua pembeni.

"Hii inapumua wapi?" aliuliza, akikitoa.

"Hicho nilishona mimi," alisema Kavindu. "Wiki mbili."

"Ni kizuri sana, mama. Lakini hii kitu inachemka kama sufuria." Aliizima, akahesabu hadi kumi, akaiwasha. Zikaenda dakika tano nyingine, ambazo Muema alizitumia kumvuta beberu kwa pembe, na beberu akazitumia kumvuta Muema. Aloys aliporudi kwenye skrini, alikuwa na mstari wa kijani usoni na sauti ya mtu anayesaga changarawe.

"...kumi na... mmoja... amekaa..."

"Kuna watu wanavuta mtandao," alisema Khadar. "Mueni, nipe simu nyingine, niangalie orodha ya simu zilizoingia. Mzee, hapa ndani mko na simu ngapi?"

"Tano. Na televisheni."

"Na sisi wapangaji tuseme sita." Khadar alisoma, na midomo yake ikahesabu. "Hapa ziko ishirini na sita."

Muema alisimama wima, akawa mwenye nyumba kabisa. Alitoka, akapiga milango ya wapangaji mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Ann alizima somo lake la mtandaoni katikati ya sentensi. Yule wa chumba cha nne alizima mpira. Muema akarudi, amejaa ushindi. Picha ya Aloys ilikuwa bado inakwenda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Zimebaki ishirini," alisema Khadar. "Na majina mengine siyajui. 'Aunty Mkubwa'. 'Mzee Musau'. 'Simu ya Musili'."

Mueni alianza kukikunja kile kitambaa cha rauta.

Musili lilikuwa jina la mchumba. Mzee Musau alikuwa msemaji wa athoni. Wote wawili walikuwa nje ya lango, na kwa mujibu wa kila kitu kilichosemwa, kuandikwa na kuapiwa mbele ya mchungaji, Musili hakuwa amewahi kukanyaga ploti ile. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuonyeshwa njia.

"Mgeni ambaye hajawahi kufika hapa," alisema Muema polepole, "waifai imemjuaje?"

Mueni alitazama dari. Lilikuwa dari la kawaida.

"Mzee," alisema Khadar kwa upole wa daktari, "mtu akiweka paswadi siku moja, siku nyingine akikaribia inamshika yenyewe."

"Tangu lini? Si hiyo kitu inaonyesha tarehe?"

Khadar, ambaye jioni nyingi alikuwa amesikia viatu vya mwanamume vikipita mlangoni pake kwa ncha, alitazama skrini. Ilionyesha mwezi wa nane wa mwaka uliopita.

"Haionyeshi," alisema.

"Na hao wengine kumi na watatu?"

"Labda amewagawia," alisema Mueni kwa sauti ndogo. "Wamesimama sana huko nje, Baba. Wamechoka. Shangazi yake yuko laivu."

"Paswadi ya nyumba yangu! Badilisha sasa hivi!"

"Nikibadilisha inajizima na kuwaka upya," alisema Khadar. "Dakika tano, na kila simu iingizwe tena. Mjomba ako na ngapi?"

Waliangalia saa ya ukutani. Mapumziko ya Aloys yalikuwa yamebakisha dakika kumi na mbili.

"Lazima waombwe wazime," alisema Khadar.

Hilo nalo lilikuwa na shida yake. Mwenye nyumba haendi langoni kuongea na athoni kabla hawajakaribishwa, maana angekuwa amewakaribisha. Na mara tu akiwakaribisha, wangeweka mbuzi wao mbele ya mtu asiye na ruhusa ya kuwapokea. Muema alimtazama Kavindu. Kavindu alikumbuka pilau.

Ndila alijifunga leso kiunoni juu ya kile kitenge, akatoka.

*

Upande wa pili wa lango nyimbo zilikuwa zimekwisha kitambo. Watu kumi na wanne waliovaa vizuri walikuwa wameinamisha vichwa juu ya simu kumi na nne, kama kanisa wakati wa sala ya kimya. Shangazi mmoja tu ndiye aliyekuwa akisema, mkono juu: "Nyinyi mlioko laivu, lango bado! Lango bado, wapenzi!"

Ndila alifungua kiasi cha kutoa kichwa.

"Wazee, hamjambo. Tunaomba jambo dogo. Mzime waifai kwa simu zenu."

"Waifai gani, mama?" aliuliza Mzee Musau, mzee mrefu mwenye koti la sherehe na bakora. Nyuma yake simu ziliteremka, moja moja. "Sisi ni wageni. Hapa hatujui hata mlango uko wapi."

"Ya hapa ndani."

"Ati mtandao wa mtu unaruka ukuta unaingia mfukoni mwangu? Huo si ndio una makosa?" Watu wake walicheka, na Mzee Musau, aliyesifika kutoka Kyumbi hadi Kangundo kwa kupunguza mahari ya watu, alinusa biashara. "Na huko ndani mnafanya nini kinachotaka mtandao wote?"

Ndila alikuwa amebeba uongo mzuri kutoka sebuleni: kwamba mchungaji anaomba kwa video. Alipofungua mdomo, uongo ulikataa kutoka, kama beberu.

"Ninaolewa," alisema.

Shangazi aliyekuwa laivu alishusha mkono.

"Wewe?" aliuliza Mzee Musau. "Si wewe ndiye mama wa bibi arusi?"

"Ndiye mimi. Mbuzi wangu ndio wanaonyeshwa kaka yangu sasa hivi, na ako na dakika nane arudi kazini. Asipowaona, mimi sijaolewa, na wenu hawapokelewi. Mtarudi nao."

Mzee Musau aliegemea bakora yake. Furaha ilimpanda usoni taratibu, hata akaiheshimu kwa kukohoa. "Kumbe mzee wa nyumba anatungoja na mikono mitupu! Basi, mama, mambo yamebadilika. Sisi tutazima, lakini beberu wetu anarudi nyumbani. Na ile mizinga ya asali tuliyotajiwa, tutaiongea upya."

Watu waliguna kwa kumpongeza. Ndila alihisi aibu ikimjia, ile ile ya Krismasi, yenye ladha ya shingo ya mbuzi. Safari hii hakucheka.

"Ni sawa, Mzee Musau. Nitawaambia. Lakini nieleze kitu kimoja, wewe unayejua desturi. Simu ya Musili imeijua nyumba hii kabla hamjaleta hata kilo ya sukari. Kwenu, kijana anayeingia kwa watu gizani bila kubisha, faini yake ni mbuzi wangapi?"

Mzee Musau aligeuka, mwili mzima, akamtazama Musili. Musili alikuwa amepata kitu muhimu sana kwenye kiatu chake.

"Musili."

"Naam, mzee."

"Ni kweli?"

"Mzee, ilikuwa... nilikuwa nasaidia kuweka betri kwa rimoti."

"Zimeni simu," alisema Mzee Musau. "Zote. Sasa!"

Musili mwenyewe alipita akizizima, kwa kuwa ndiye aliyejua ni akina nani aliowagawia. Bibi kizee mmoja hakumngoja. Alifunga yake kwa leso mara tatu, akaitia kifuani, akasema imezimika.

*

Ndila aliporudi ndani, Aloys alikuwa ameshuka kutoka kwenye mstari wa kijani akawa mtu. Ndila aliona hata mvi za kidevuni, ambazo hakuwa nazo alipoondoka.

"Sasa naona," alisema Aloys. "Dakika tano tu. Mbuzi jike, mmoja. Jike, wawili. Beberu?"

Beberu alikuwa bado kizingitini. Muema, aliyevalia suti ya kijivu na tai, alikuwa ameacha kumvuta na kuanza kumsihi. Sasa akaacha hata kusihi. Alipiga magoti juu ya zulia, akamkumbatia mnyama yule kifuani, akajikokota naye hadi mbele ya simu.

"Naona vichwa viwili hapo," alisema Aloys. "Mwenye tai ni nani?"

"Ni mimi, shemeji," alisema Muema, akihema.

"Pole. Inua huyo mwingine. Zaidi. Nione miguu. Ehe." Aloys aliwatazama kwa muda, jinsi anavyotazama gari ambalo dereva wake amesema hana kitu ndani. "Watatu. Nimewaona kwa macho yangu. Sasa kabla sijapokea, mwenye mbuzi aulizwe. Ndila uko hapo?"

"Niko."

Aloys alivua kofia. "Dada yangu. Huyu mwanamume ameleta mbuzi. Tuwale?"

Hivyo ndivyo msichana huulizwa, mbele ya watu, na mbuzi hawaliwi mpaka aseme. Ndila alikuwa amesikia wadogo zake wakiulizwa, wote wawili. Alikuwa amesikia Kavindu akiulizwa, akiwa mjamzito wa miezi saba na mwenye kiburi. Alikuwa amewapikia watu chai wakati wakiulizwa, akatoa vikombe, akaosha vikombe. Yeye alikuja kwa Muema na begi moja, Jumanne moja ya mvua, na hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa kama ameshakula.

Sebule ilingoja. Aloys alingoja, hajapepesa. Wageni, ambao sasa hawakuwa na simu za kutazama, walikuwa wameingia kwa lango lililoachwa wazi na kujipanga dirishani, bakora ya Mzee Musau ikiwa mbele. Kavindu alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko. Hakuna kilichosonga.

"Imekwama!" alilia Muema. "Khadar, imekwama tena! Angalia hiyo kitu!"

Khadar aliangalia juu ya kabati. Taa zote zilikuwa za kijani, zikipepesa bila wasiwasi.

"Haijakwama, mzee," alisema. "Mtandao uko sawa kabisa. Ni mama hajajibu."

Muema aligeuza shingo, beberu akiwa bado kifuani. Jasho lilikuwa limemshuka hadi kwenye tai. Kwa miaka ishirini na miwili lilikuwa halijamjia wazo kwamba swali hilo lina majibu mawili.

"Mama Mueni," alisema kwa sauti ya chini. "Sema kitu. Ako na dakika tatu."

"Una haraka?"

"Kidogo," alisema Muema. "Si sana. Kidogo tu."

Ndila aliwatazama mbuzi. Aliwatazama mmoja mmoja, akawaonyesha kwa kidole bila kusema, moja, mbili, tatu, na kidole kilipofika kwa wa tatu kikapita kikamfikia na aliyemshika, kikatua hapo. Mume wake alikuwa na manyoya kwenye ndevu. Hakuwa amewahi kupiga magoti hata kanisani.

"Kaka," alisema, "uliza tena."

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Uliza tena."

Aloys alielewa. Aliinuka kitini, akajinyoosha shati la kazi, na nyuma yake wenzake wawili, mmoja akiwa na bilauri ya chai, waliacha walichokuwa wakifanya na kuinama waone. Aliuliza kwa sauti ya kusimamisha malori.

"Ndila, binti wa mama yangu! Mbuzi hawa, tuwale?"

Muema alifumba macho.

"Waleni," alisema Ndila.

Vigelegele vilianzia Doha, kwa walinzi, ambao hawakujua ni nini kimetokea ila walikiona ni kizuri. Mueni akavidaka, kisha dirisha lote, na Kavindu naye, baada ya kutazama kushoto na kulia, akapiga kimoja kifupi. Beberu aliachiliwa, akapanda kwenye kochi kwa hiari yake. Muema alibaki palepale zuliani, kwa sababu goti moja lilikuwa limekataa kuinuka, na Ndila akamshika mkono akamvuta.

Mzee Musau aligonga fremu ya dirisha kwa bakora.

"Wenye nyumba," alisema, "kuna mwingine huko ndani anayeolewa, ama sasa ni zamu ya hawa watoto?"